Studio ya bure kwa wasanii Arusha kwa kubadilishana na kazi ya jamii: hesabu saa kabla ya kutoa funguo

Mleta mada ana vyumba vitatu vya nyuma kwenye nyumba ya familia, Kijenge, ambavyo vilikuwa stoo. Anataka kuwapa wachoraji wachanga bure kwa miezi sita, nao wafundishe watoto wa shule za jirani na vikundi vya akina mama. Mdau wa kwanza kamjibu "wape funguo tu mkuu, ni watu wazima, wataelewana". Mimi nasema hapana, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu mipango ya namna hii huvunjikia palepale kwenye "wataelewana".

Anza na kalamu. Chumba kina bei na somo lina bei. Tuseme chumba kama hicho kingepangishwa kwa sh. 100,000 kwa mwezi, na msanii huyohuyo akiitwa kwingine kuendesha somo la saa mbili hupewa sh. 30,000. Mabadilishano ya haki hapo ni masomo matatu kwa mwezi, na chenji kidogo. Wenye majengo wengi hutaja "mara mbili kwa wiki" kwa mdomo bila kupiga hesabu. Hayo ni masomo manane, yaani sh. 240,000 kulipia chumba cha 100,000. Msanii hasemi kitu, ila mwezi wa tatu simu yake haipatikani na wewe unabaki kulalamika kwamba wasanii hawana shukrani.

Halafu kuna saa zisizoonekana. Saa moja mbele ya watoto inakula karibu saa nyingine nzima ya kukata karatasi, kuchanganya rangi, kusubiri kifodi (daladala) kijae, kuosha brashi na kurudisha madawati. Kwa hiyo masomo matatu ya saa mbili ni kazi ya saa 12. Mimi ningeweka hizo 12 kuwa kikomo cha mwezi, na mwezi wa kwanza usiwe na somo hata moja. Mtu aliyehamia juzi bado anatafuta mahali pa kupigilia msumari.

Kifungu cha saa kiandikwe hivi: "Msanii atatoa saa 12 za kazi ya jamii kwa mwezi, maandalizi na usafi vikiwemo. Somo likiahirishwa na shule au kikundi baada ya msanii kufika, saa zake zitahesabiwa kuwa zimetolewa." Sentensi ya pili ndiyo inayookoa undugu. Shule zetu huahirisha: kuna kikao cha wazazi, kuna mtihani wa kata, kuna Mwenge unapita. Bila sentensi hiyo saa zinageuka deni, deni linalimbikizwa, na mwezi wa sita mnakuta msanii "anadaiwa" saa 30 ambazo kosa halikuwa lake.

Karatasi yenyewe usiiite mkataba wa pango. Iite hati ya ruhusa ya kutumia studio, taja tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na andika wazi kwamba hakuna kodi na hakuna kulala. Hilo la kulala halikwepeki. Mtu akishaweka godoro, studio imekuwa makazi, na kumtoa Desemba ni shughuli nyingine kabisa. Na kwa kuwa nyumba ni ya familia, wenye haki wote watie sahihi, hata yule aliye Dar. Vinginevyo atashuka siku ya sikukuu na kuuliza hawa vijana wanafanya nini kwa marehemu baba. Nakala moja mpelekee mwenyekiti wa mtaa ikiwa na majina na namba za NIDA. Siku jirani akilalamikia harufu ya tina (dawa ya kupunguzia rangi) au watu wanaoingia usiku, mwenyekiti awe tayari anawajua.

Kazi zitakazochorwa humo ni za msanii, pamoja na hakimiliki yake. Ukitaka kubaki na picha moja, sema tangu mwanzo, taja ukubwa, na mkubaliane nani anachagua. Kuchukua saa za watu halafu tena asilimia ya mauzo ni kulipwa mara mbili. Chagua moja.

Kuingia shuleni si suala la kufahamiana na mwalimu mkuu. Barua inakwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, ikimlenga afisa elimu msingi, nakala kwa afisa utamaduni na afisa elimu kata. Ambatanisha ratiba ya ukurasa mmoja na majina ya wasanii. Kosa la kawaida hapa Arusha ni kupeleka barua halmashauri isiyohusika. Shule za Kijenge ziko chini ya Jiji. Ukivuka kwenda Ngaramtoni umeingia Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, na Tengeru au Usa River ni Meru. Walio Moshi nao waangalie: Pasua na Njoro ni Manispaa, Kibosho ni Halmashauri ya Wilaya. Barua iliyokosea mlango hairudishwi. Inalala kwenye faili, wewe unangoja wiki nne, halafu unaambiwa uanze upya.

Kalenda nayo ina mitego miwili. Septemba darasa la saba wana mtihani wa taifa na Oktoba darasa la nne wana wao, kwa hiyo omba darasa la tatu na la tano. Upande wa pili, Julai mpaka Septemba ndipo wageni wanajaa mjini na maduka ya vinyago na picha yanaagiza mzigo. Mchoraji anayeishi kwa oda za picha za Tingatinga hawezi kukuachia siku mbili nzima za Agosti. Ningesogeza masomo mengi yaangukie Februari mpaka Mei, kisha Oktoba na Novemba, na Julai na Agosti nibakize somo moja tu kwa mwezi. Juni shule zimefungwa sehemu kubwa ya mwezi, hiyo ni nafasi nzuri ya kuwaleta akina mama studio. Kwao chagua saa nane mchana. Asubuhi wako sokoni na jioni wako jikoni.

Vifaa vya somo visitoke kwenye mfuko wa msanii. Hili liandikwe. Kwa watoto 25 na saa mbili: karatasi 50 za A3, brashi 15 nene (wawili wawili wanatosha, na inawafundisha kusubiriana), vikombe vya plastiki 15, ndoo mbili za lita 20, sabuni na matambara. Zaidi ya watoto 25 kwa msanii mmoja si somo tena, ni kulinda ndoo zisipinduke. Mwalimu wa darasa abaki ndani muda wote. Akitoka, somo linasimama. Picha za sura za watoto zisipigwe wala kurushwa mtandaoni bila ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na haijali kwamba nia yako ilikuwa njema. Piga picha ya mikono na karatasi, inatosha kabisa kwa ripoti.

Rangi ya watoto ndiyo sehemu ambayo wengi huharibu. Wanabeba rangi ya maji ya ukutani iliyobaki kwenye ndoo, kwa kuwa ni nafuu. Ikikauka kwenye shati jeupe la shule haitoki, na kesho yake wazazi wako getini. Pika rangi ya unga: kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa vikombe vitatu vya maji baridi, koroga mpaka madonge yaishe, ndipo uweke motoni kwa moto mdogo huku unakoroga mpaka iwe kama uji mwepesi wa mgonjwa. Ongeza kijiko cha chumvi, iache ipoe, gawa kwenye vikombe, tia rangi ya chakula. Ukianza na maji ya moto unga unafunga madonge na brashi itayaburuta kwenye karatasi. Bila friji inakaa siku mbili, ya tatu inachacha na kunuka, kwa hiyo pika jioni ya kuamkia somo. Ile nyekundu bado inaweza kuacha doa, waje na fulana kuukuu za kuvaa juu.

Kama kazi ya jamii ni kuchora ukuta, hesabu inabadilika. Lita moja ya rangi ya maji inafunika mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja, yaani mpako mmoja, kwenye plasta laini. Kwenye plasta ya kukwaruza usitegemee zaidi ya 7. Ukuta wa mita 3 kwa 6 ukipigwa mikono miwili ya msingi unameza ndoo ya lita 4 na unaweza kudai zaidi, kabla hujachora hata jani moja. Plasta mpya iache wiki nne ikauke, vinginevyo chumvi inasukuma rangi na inabanduka kama maganda. Sentimita 40 za chini ziache ziwe rangi moja nyeusi au kahawia. Matope ya masika yanarukia hapo, na mipira ya watoto pia.

Sasa vyumba. Vitabu vya Ulaya vinasema dirisha la studio liangalie kaskazini ili jua lisiingie. Huku haifai. Arusha iko nyuzi 3 na nusu hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia katikati ya Machi mpaka mwisho wa Septemba jua la mchana linakuwa upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki linahamia kusini. Dawa ni upenu. Kwa dirisha la kimo cha sentimita 120, upenu wa sentimita 60 unazuia jua la saa sita mchana la Juni upande wa kaskazini. Upande wa kusini sentimita 45 zinatosha kwa Desemba. Dirisha la magharibi ni tatizo mwaka mzima, chumba hicho mpe mchongaji au kifanye stoo. Ukiweka bati la plastiki linalopitisha mwanga, tandika kitambaa cheupe chini yake, kwa sababu duara la jua likitua kwenye picha mchoraji hawezi kuona rangi sawasawa.

Ukubwa: mita za mraba 12 mpaka 16 kwa mtu. Mchoraji anahitaji kurudi nyuma mita tatu kuiangalia kazi. Wanaofikiria makontena, kama yale ya Nafasi Art Space kule Dar, wakumbuke kontena la futi 20 lina upana wa ndani wa mita 2.35 tu, na kwa baridi yetu ya Julai bati linatoa jasho usiku na kudondoshea kazi maji. Baridi hiyo inasumbua hata ndani ya nyumba ya tofali. Akriliki iliyopakwa usiku kwenye nyuzi 10 au chini yake haishikamani vizuri, na rangi ya mafuta inaweza kupata ukungu mweupe badala ya kung'aa. Hadibodi nayo ipakwe nyuma na kwenye kingo pia, siyo mbele tu, la sivyo inakunjika masika.

Umeme usiugawe kwa kukisia. Funga mita ndogo kila chumba. Taa mbili za LED za wati 18, saa nane kwa siku, siku 25, ni uniti 7 na ushee kwa mwezi. Birika la wati 2,000 likichemka nusu saa tu kwa siku ni uniti 25. Ugomvi wa LUKU karibu kila mara ni birika na pasi. Ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU ni yako mwenye nyumba, usiwabebeshe. Mashine ya kuchomelea isichomekwe kwenye soketi ya chumbani yenye waya wa milimita 2.5. Anayefanya kazi za chuma avutiwe laini yake na breka yake.

Mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa, unakaa chini. Dirisha la juu peke yake haliutoi. Toboa matundu karibu na sakafu upande mmoja, na acha dirisha wazi upande wa pili. Matambara yenye mafuta ya kitani yakirundikwa kwenye kona yanajipasha joto yenyewe mpaka yanawaka bila kiberiti. Yaloweke maji kwenye kopo la bati lenye mfuniko. Mtungi wa kuzimia moto wa poda ukae mlangoni, usikae nyuma ya kabati. Anayechonga mpingo afanyie nje chini ya kibanda: vumbi lake linawasha ngozi na pua, na linanata kwenye picha mbichi za wenzake.

Maji ya kuoshea brashi yasiende kwenye chemba. Weka ndoo tatu, chafu, nafuu na safi. Ile chafu iache ilale usiku mzima, asubuhi mwaga maji ya juu na tope la chini likaushe kwenye gazeti, litupwe na taka. Chemba ikiziba kwa rangi iliyoganda, kuifumua ni gharama ya sakafu.

Uchaguzi wa wasanii ni mfupi: tangazo la wiki tatu, picha tano za kazi, na nusu ukurasa kuhusu somo ambalo angefundisha. Waamuzi wawe watatu, na wewe uwe mmoja wao tu. Mpwa wako akiomba, siku hiyo toka nje ya chumba. Siku ya kukabidhi, pitieni pamoja vioo, soketi, bomba, taa na kitasa, andikeni hali ya kila kimoja, wote msaini, na karatasi hiyohiyo mtaitumia siku ya kurudisha funguo.

Mkuu, tuwekee hapa vipimo vya vile vyumba vitatu, madirisha yanaangalia wapi, na kama bomba liko ndani au uani. Hapo tutajua vinatosha wasanii watatu au wawili na stoo moja.