Kama si malaria, dokta, ni nini?

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: ni uvumbuzi gani wa tiba uliobadilisha afya ya watu nchini kwako, na umekwamia wapi? Nadhani wengi watataja ndege zisizo na rubani zinazopeleka damu hospitalini kule Rwanda, au chanjo ya malaria. Mimi ni tabibu wa zahanati mkoani Morogoro, na kura yangu inakwenda kwa kidude cha plastiki kinachoenea kiganjani: kipimo cha haraka cha malaria, ambacho vituoni tunakiita mRDT.

Kwa asiyekijua, kama yupo: unamchoma mgonjwa kidole, tone la damu linaingia kwenye kitundu, unadondoshea maji yake maalumu, mnasubiri kama robo saa. Ukitokea mstari mmoja wa juu tu, malaria haijaonekana. Ikitokea miwili, ipo. Hakitaki umeme, hakitaki hadubini, hakitaki mtaalamu wa maabara. Ndiyo maana kimefika hata kule ambako masika barabara hufungwa.

Zamani kila homa ilikuwa malaria. Mtoto akiguswa paji la uso likawa la moto, dawa zinaandikwa. Klorokwini, dawa yetu ya malaria ya wakati ule, ilipochoka, yaani vimelea vilipoizoea, Tanzania ilihamia dawa nyingine, SP, mwaka 2001. SP nayo ikachoka, na mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto, iliyokuwa ghali kiasi kwamba kuigawa kama pipi haikuwezekana tena. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likataka kila anayeshukiwa apimwe kwanza. Ukitaka kujua tulikuwa tunakosea kwa kiasi gani, tazama utafiti wa Moshi wa 2007 na 2008. Wagonjwa 870 waliolazwa na homa walichunguzwa kwa kina. Asilimia 60.7 walikuwa wameandikiwa malaria, lakini waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Siyo asilimia 14, watu 14! Wengine walikutwa na bakteria kwenye damu, chikungunya, na magonjwa yatokanayo na wanyama kama brusela na leptospirosisi, ambayo wengi wetu tuliyasoma chuoni tukayaacha hukohuko.

Kwa hiyo kipimo hiki kimefanya kazi yake, na kwa hilo sina ubishi. Kilipokwamia ni kwenye ule mstari mmoja.

Mama ametembea tangu alfajiri, mtoto mgongoni anachemka. Nampima, nasubiri, namwonyesha: hakuna malaria. Anakitazama, ananitazama mimi. "Sasa kama si malaria, dokta, ni nini?" Hapo ndipo uvumbuzi wetu unaponyamaza. Umejibu swali moja tu, na lile la mama halimo.

Tena watu wamezoea namba. Enzi za hadubini mgonjwa alirudi nyumbani na hesabu: nimekutwa na wadudu watatu, mwenzangu kumi. Mstari hauna hesabu. Na ukiwepo una visa vyake, kwa sababu vingi vya vipimo tunavyotumia vinatafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu hata wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtu amemaliza dozi, amepona, anapimwa tena kwingine kwa sababu ya mafua, mistari inatoka miwili. Anaambiwa dawa haikufanya kazi, anachomwa sindano.

Asiyekutwa na malaria naye haondoki mikono mitupu. Atapewa ule ugonjwa wetu wa taifa, UTI na taifodi, viwili kwa pamoja. Taifodi mara nyingi inatoka kwenye kipimo cha damu kiitwacho Widal, ambacho kikifanywa mara moja tu hakithibitishi kitu, maana kinaweza kuitikia hata maambukizi ya zamani. Kisha anafungiwa antibayotiki. Kama sisi hatukumpa, duka la dawa lipo hapo njiani, na sijawahi kuona mteja anayelipa ili aambiwe hahitaji dawa. Tulipunguza dawa mseto zinazotolewa ovyo, amoksilini ikachukua nafasi yake.

Na hao watoto wanaumwa nini hasa? Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na Ifakara, ukachapishwa 2014, ulifuatilia watoto 1,005 wenye homa. Saba katika kila kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye malaria walikuwa karibu mmoja katika kila kumi. Yaani wengi walihitaji maji, kitu cha kushusha homa, na mtu wa kuwaangalia tena kesho kutwa. Lakini hao wachache wenye nimonia au bakteria kwenye damu ukiwakosa, unawazika. Hofu hiyo ndiyo inayoandika antibayotiki, wala si ujinga wa wahudumu kama wanavyopenda kusema wakubwa kwenye semina.

Lipo jaribio linalonipa moyo. Katika vituo 40 vya Mbeya na Morogoro, changu hakikuwamo, baadhi ya wahudumu walipewa kishikwambi chenye programu inayowaongoza hatua kwa hatua: uliza hiki, pima joto, hesabu pumzi, pima oksijeni. Vituo vya kawaida viliwapa antibayotiki watoto 70 katika kila 100. Vyenye kishikwambi, 23, na watoto hawakudhurika zaidi.

Nikisoma hivyo nafurahi, halafu nafikiria Jumatatu ya kliniki. Kuhesabu pumzi za mtoto ni dakika nzima: mwenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, hiyo ni dalili ya nimonia. Mtoto analia, unaanza upya. Nje kuna foleni, muuguzi yuko kwenye chanjo, na mjamzito ameletwa na bodaboda. Nikiambiwa nichague kati ya kishikwambi na muuguzi wa pili, nitaomba muuguzi. Kishikwambi aje nacho.