Usikimbilie kusugua: niliyojifunza kwenye chumba cha fedha Oxford

Bibi yangu kule Unguja alikuwa na mrashi wa fedha, kile chombo cha kunyunyizia marashi. Kila harusi ikikaribia anautoa sandukuni, anausugua kwa majivu na ndimu mpaka unameremeta, kisha anatuita tuutazame. Basi nilipopata kazi ya kutunza vyombo vya fedha katika chuo kimoja kikongwe cha Oxford, nilijiona fundi tayari.

Wiki ya tatu nikapewa kikombe kikubwa cha karne ya 17, chenye nembo ya kifalme. Nikakisugua nusu saa nzima. Msimamizi wangu alipokuja hakunigombeza. Alinipa kioo cha kukuzia, akanionyesha chini ya mdomo wa kikombe. Pale pamegongwa alama ya simba, kuthibitisha kwamba katika kila sehemu 1,000 za madini yale, 925 ni fedha tupu. Simba mwenyewe alikuwa amebaki kivuli: mgongo upo, miguu haipo. Waliomla ni wengi, miaka na miaka, lakini na mimi siku ile nilionja.

Weusi ule unaoshika vyombo vya fedha si uchafu uliotoka nje ukatua. Ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa ya hewani. Ukiusugua, unaondoka na fedha.

Na Oxford wanajua uchungu wa kuondokewa na fedha. Januari 1643 mfalme Charles I, aliyeufanya mji huo makao yake wakati wa vita na Bunge, aliviomba vyuo vimkopeshe vyombo vyao. Aliahidi shilingi 5 kwa kila aunsi. Vikapelekwa jumba la New Inn Hall, vikayeyushwa, zikatoka sarafu za kuwalipa askari. Mwaka 1649 mkopaji akakatwa kichwa, nenda kadai. Corpus Christi ndicho chuo kinachosifika kwa kubaki na vyake, ndiyo maana hadi leo kina chombo cha chumvi cha askofu Richard Foxe, aliyekianzisha mwaka 1517. Kwingineko, vingi unavyoviona mezani ni vya baada ya vita. Mfalme alibeba kwa mkupuo, sisi na vitambaa vyetu tunabeba chembe chembe.

Kwa hiyo ninavyofanya sasa ni hivi. Baada ya karamu, chumvi inamwagwa kutoka vyomboni usiku uleule, hata kama miguu inaniuma, kwa sababu chumvi hutoboa fedha vishimo visivyozibika. Wazee walilijua hilo, ndiyo maana vyombo vingi vya chumvi vimepakwa dhahabu ndani. (Na dhahabu hiyo ni utando tu, usiiguse na dawa ya kung'arishia.) Naosha kwa mkono, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, nakausha papo hapo kwa pamba laini. Vinara vya mishumaa siviloweki: vingi vimejazwa lami kwenye kitako. Kikombe nakibeba kwa kiwiliwili, mikono miwili, kamwe si kwa mpini.

Mpira ni adui. Niliwahi kufungua vijiko vilivyofungwa kwa rababendi, nikakuta kila kimoja kina mstari mweusi shingoni. Tukaving'arisha, mstari ukafifia, lakini alama iko pale mpaka kesho. Hata glavu, chagua za naitrili, si za mpira wa kawaida.

Ikibidi kabisa kung'arisha, natumia unga laini wa chaki uliolainishwa kwa maji, kwa pamba, polepole, nikizikwepa alama zilizogongwa. Ule ujanja wa mtandaoni wa magadi na karatasi ya aluminiamu, waachie wauza vijiko. Unafuta hadi kile kiza kilichokaa ndani ya nakshi, na bila kiza hicho nakshi haisomeki. Chombo kinabaki cheupe kama sufuria.

Mrashi wa bibi sasa uko kwa shangazi. Likizo iliyopita nilimkuta ameshaandaa majivu na ndimu mbili zilizokatwa. Nikauchukua, nikauinamisha dirishani: maua ya shingoni, niliyokuwa nikiyahesabu kwa kidole utotoni, yamefutika kabisa upande mmoja.

"Shangazi, huu tuuache hivihivi."

Akanitazama, akautazama mrashi. "Ndiyo mliyoyasomea huko Ulaya? Kuacha vyombo vyeusi?"