Maswali na Majibu: Kuzimu ya Kuchezea Mezani

Maswali ya safari hii yameangukia jambo moja: namna ya kutengeneza kuzimu kwa ajili ya gemu ya kuigiza wahusika. Kwa asiyeijua, ni ile gemu ya kukaa mezani kwa dadu na karatasi, msimulizi mmoja akieleza mahali, wenzake wakisema wahusika wao wanafanya nini. Dungeons & Dragons, iliyochapishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ndiyo iliyoanzisha mtindo huu, na tangu siku hizo wachezaji wanashuka chini ya ardhi, na kadiri unavyoshuka ndivyo hatari inavyokua. Tuingie.

Nimechora kuzimu yenye vyumba 40 kwenye kauntabuku, kila chumba na zimwi lake. Wenzangu wanasema wamechoka, ni kupigana tu. Nimekosea wapi? (Msomaji, Sinza)

Ulichochora ni ghala la mazimwi. Kuzimu, popote iliposimuliwa, ni nchi yenye wenyewe, na wenyewe wana miiko. Mgeni haangamii kwa kuwa mlinzi ana meno marefu. Anaangamia kwa kula asichotakiwa kula, kumsalimu asiyestahili salamu, au kugeuka nyuma alipokatazwa. Kwa hiyo weka kalamu ya kuchorea chini kwanza, uandike mambo matatu: mgeni anatozwa nini mlangoni, ni lipi halifanywi ndani, na anayetaka kutoka anatokaje. Vyumba vitakuja vyenyewe.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Wasumeri, waliokuwa Iraki ya leo. Mungu wao wa kike Inanna alishuka kuzimu kwa dada yake, Ereshkigal, amejipamba kwelikweli. Njiani kulikuwa na malango saba. Kwenye lango la kwanza bawabu alimvua taji. La pili, shanga za shingoni. Wakaendelea hivyo: shanga za kifuani, pambo la kifua, pete ya dhahabu, fimbo na kamba ya kupimia, mpaka lango la saba akavuliwa joho lenyewe. Kila alipouliza kwa nini, alijibiwa anyamaze, ndiyo desturi ya huku. Alifika mbele ya dada yake uchi, akahukumiwa, akawa maiti, akatundikwa kwenye kulabu.

Hapo hakuna pigano hata moja, na bado hakuna mchezaji atakayesinzia. Hamishia hayo mezani. Kila lango linadai kitu kimoja kwa kila mhusika, naye anakifuta kwa mkono wake mwenyewe kwenye karatasi yake. Mwache achague atoe nini, lakini usidai vitu vya kushikika tu. Lango la kwanza likichukua ngao, la pili lichukue jina, la tatu lichukue kumbukumbu ya mtu anayempenda. Mtu ambaye wahusika wake watatu wamekufa bila yeye kupepesa jicho utamwona ameshika kifutio anasita. Saba ni mengi kwa jioni moja, matatu yanatosha.

Angalia pia Inanna alivyookolewa. Mungu Enki alichokoa uchafu wa kuchani kwake, akaumba viumbe wawili wadogo, wakapenya milangoni kama nzi. Walimkuta Ereshkigal anaugulia maumivu. Kila alipolia, nao walilia pamoja naye. Alifurahi kupata wa kumwonea huruma, akataka kuwapa mto mzima, akataka kuwapa shamba. Wakakataa, wakaomba ile maiti tu. Basi mtawala wa kuzimu yako mpe maumivu yake, na yule mchezaji atakayefikiri kumpa pole badala ya kuchomoa upanga umlipe vizuri. Mazimwi yako 40 yapunguze yabaki matatu.

Shikamoo. Nichague kuzimu ya Wagiriki au ya Wamisri? (Mwanafunzi, Kimara)

Marahaba. Inategemea unataka wachezaji wako wapotee au wawahi.

Ya Wagiriki ni ramani. Kuna mito mitano, Styx, Acheron, Lethe, Cocytus na Phlegethon, kuna mbwa Cerberus getini, kuna mabonde ya kuzurura. Inamfaa anayependa wachezaji wachague njia. Ya Wamisri, kama ilivyochorwa kwenye kuta za kaburi la Farao Thutmose wa Tatu, ni saa. Jua linasafiri kwa mashua usiku kucha chini ya ardhi, saa 12, na kila saa ni nchi tofauti. Saa ya nne maji yanakwisha, ni mchanga mtupu, mashua inageuka nyoka ili iburutwe kwa kamba. Saa ya saba joka Apep ameyanywa maji yote. Saa ya mwisho wanaingia mkiani mwa nyoka mkubwa na kutokea mdomoni, wakiwa vijana upya, na kunakucha. Wasipofika, dunia haioni asubuhi.

Kwa mwanafunzi mwenye wikendi moja tu ya kujiandaa, chukua ya Misri. Umeshapewa mpangilio, na hakuna mchezaji atakayeuliza "sasa twende wapi?"

Nataka yule mvushaji wa Wagiriki, Charon, awe kwenye pantoni ya Kigamboni. Nikiwaambia wenzangu watacheka? (Msomaji, Tegeta)

Watacheka mwanzoni, kisha watanyamaza, maana hakuna aliyeishi Dar asiyeijua foleni ile. Huhitaji kueleza geti, tiketi, jua la mchana, wale wenye matenga na bodaboda, na jinsi watu wanavyoanza kusogeana ubavu kwa ubavu pantoni ikikaribia Magogoni. Wewe badilisha kitu kimoja tu: hakuna hata mmoja kwenye umati ule anayetoka jasho.

Nauli ndiyo ya kuifikiria. Wagiriki walimweka maiti sarafu mdomoni. Waliokosa kuzikwa, anavyosimulia mshairi wa Roma, Virgil, walitangatanga ukingoni miaka 100 kabla ya kuvushwa. Huo umati wa ukingoni ni hazina kwa msimulizi. Wamekaa pale muda mrefu, wanajua kila kitu, na kila mmoja ana ombi: nenda kanizike, mwambie mwanangu hati ya kiwanja iko wapi. Wachezaji wako hawajafa, hawana sarafu mdomoni. Wafanye kazi ya mmoja wa hao ndipo waipate. Tayari una jioni nzima kabla hawajapanda.

Jiandae na swali moja, kwa sababu litakuja, na litaulizwa na yule yule mjuaji wa kila kikundi: "Si kuna daraja tangu 2016? Tupite Kurasini." Usimkatalie. Watu wa kaskazini ya Ulaya wana kisa cha Hermod, aliyeshuka kuzimu kwa farasi kumfuata ndugu yake Baldur. Mlinzi wa daraja, mwanamke aitwaye Modgud, alimsimamisha, akamwambia kwamba jana yake vikosi vitano vya wafu vilipita pale, lakini daraja halikulia chini yao zaidi ya linavyolia chini yake yeye Hermod peke yake, na rangi yake si ya maiti. Kwa hiyo daraja lipo, halina nauli, ila linamtangaza aliye hai mpaka ng'ambo. Waache wachague kulipa au kusikika.

Nikiweka mafumbo wachezaji wanakwama nusu saa, wananuna, mmoja anatoa simu. Niyaache? (Msomaji, Mbagala)

Yaache mafumbo ya jibu moja, weka mitihani. Fumbo linahitaji jibu ulilonalo wewe kichwani. Mtihani unataka tu wapone mpaka asubuhi, kwa njia yoyote.

Waliofanya hivi vizuri kuliko watu wote ni Wamaya wa kabila la K'iche' huko Guatemala, katika kitabu chao Popol Vuh. Kuzimu yao, Xibalba, ina nyumba za mitihani: ya giza, ya visu, ya baridi, ya chui, ya moto, ya popo. Mapacha wawili, Hunahpu na Xbalanque, walilazwa humo usiku mmoja mmoja.

Tazama ile ya giza tu. Walipewa mwenge na sigara mbili, zote zinawaka, wakaambiwa asubuhi wavirudishe vikiwa vizima. Baba yao na baba yao mdogo walishapewa mtihani huo zamani, wakavichoma mpaka vikaisha, wakauawa. Mapacha walibandika manyoya mekundu ya mkia wa kasuku kwenye mwenge, na vimulimuli kwenye ncha za sigara. Walinzi wakaona vinawaka usiku kucha. Kulipokucha vilikuwa vizima. Kwenye nyumba ya chui waliwatupia mifupa. Kwenye ya visu walizungumza na visu vyenyewe, wakaviahidi nyama ya wanyama.

Ukiwawekea wenzako nyumba ya giza, usiwe na jibu la vimulimuli moyoni. Waeleze hali, waambie wana nini mifukoni, kisha likubali lolote lenye akili. Atakayesema "nazima sigara, nakaa gizani, asubuhi naiwasha" mruhusu, umtume kitu cha kumtembelea humo gizani. Mtihani wa namna hii haukwami, kwa sababu hata kushindwa kunaendeleza hadithi. Ndani ya nyumba ya popo mapacha walijificha kwenye mianzi yao ya kupulizia mishale, Hunahpu akachungulia kuona kama kumekucha, popo akamkata kichwa. Hadithi haikuishia hapo hata kidogo. Ndugu yake alimtengenezea kichwa cha boga na wakaenda kucheza mpira.

Na jambo moja la bure. Mapacha walipoingia walimtuma mbu awaume wakuu wa Xibalba mmoja mmoja. Wawili wa kwanza hawakushtuka: walikuwa sanamu za mti, zimewekwa ili mgeni azisalimie na kuchekwa. Waliobaki waliguta, wakaulizana kwa majina, na mapacha wakayajua majina yote. Kwa sisi tuliolelewa kwamba salamu ndiyo mlango wa kila nyumba, kumkosea mtu salamu kunauma kuliko mtego wa mishale. Tumia hilo.

Kikundi chetu kina Waislamu na Wakristo. Naweza kutumia vya kwetu, mizimu, hata malaika wa kaburini, bila kuudhi mtu? (Dada, Temeke)

Malaika wa kaburini waache, dada. Munkar na Nakir si wahusika wa kubuni kwa aliyemzika mzazi wake na kusimama pale akisikiliza talakini. Ereshkigal hana muumini Temeke.

Mizimu ni suala la kuuliza kabla, tena si kwenye kundi la WhatsApp ambako kila mtu atajibu "poa", bali kwa mmoja mmoja. Vivyo hivyo mahali halisi. Mapango ya Amboni kule Tanga yana kila unachotaka: mawe ya chokaa, popo, giza, vipenyo vya kupita kwa tumbo. Lakini kuna watu wanapeleka sadaka mle. Chukua popo na vipenyo, sadaka yao usiiguse.

Hadithi ndizo zetu sote. Wachaga wanasimulia juu ya Marwe, msichana aliyeachiwa shamba la maharage alilinde na nyani. Nyani wakalimaliza, akaogopa wazazi, akajitosa bwawani. Chini ya maji akamkuta bibi kizee, akakaa kwake. Siku alipotamani kwao, bibi alimuuliza: unataka cha moto au cha baridi? Akachagua cha baridi, akaambiwa atumbukize mikono chunguni, akaitoa imejaa bangili. Mlango wa kuingilia umeshapewa, mwenyeji umeshapewa, na swali la kutokea ni la maneno sita. Ila panda dokezo mapema, ili atakayechagua baridi awe amesikiliza, asiwe amebahatisha.

Mhusika akifa akiwa tayari kuzimu inakuwaje? (Msomaji, Ubungo)

Anabadilisha uraia. Mchezaji asiondoke mezani. Abaki, ila mhusika wake sasa ni mwenyeji. Homer, mshairi wa Wagiriki, anasema shujaa wake Odysseus alichimba shimo, akamwaga damu ya kondoo, na vivuli vya wafu havikuweza kusema naye kwa ufahamu mpaka vinywe. Fanya hivyo hivyo: wa hai akitaka msaada wa mwenzake aliyekufa, atoe kidogo cha uhai wake. Kumrudisha kabisa kuna bei nyingine. Inanna aliporuhusiwa kutoka alisindikizwa na mapepo yanayodai mtu wa kushika nafasi yake, naye akawapa mumewe Dumuzi, aliyemkuta amekaa kwenye kiti cha enzi amevaa vizuri, hana hata dalili ya msiba. Waulize wachezaji wako, nani juu huko hajawalilia?

Mwiko wa kutogeuka nyuma, kama wa Orpheus, yule Mgiriki aliyemgeukia mkewe wakitoka kuzimu akampoteza, nauchezaje kwa dadu? (Msomaji, Gongo la Mboto)

Bila dadu. Anayeokolewa hamishia kiti chake nyuma ya wenzake, akae kimya. Wengine wasigeuze vichwa vyao, vile vya kweli, mpaka useme wametoka. Kisha wewe fanya mambo yako: uliza kama bado yupo, sukuma kiti taratibu.

Sina dadu ya pande 20, madukani nimeikosa. Nijumlishe za ludo? (Msomaji, Kariakoo)

Usijumlishe. Dadu mbili za ludo zitakupa saba mara sita katika kila 36 na kumi na mbili mara moja tu, na moja hutaipata kamwe, wakati dadu ya pande 20 inaipa kila namba nafasi sawa. Kata vikaratasi 20, viandike namba, tia kwenye bakuli. Ukishachota, rudisha na uchanganye, la sivyo wajanja watahesabu zilizobaki.