Taulo la barafu liwe tayari kabla ya filimbi ya kwanza

Mtoto anayecheza mpira juani hachomwi na jua peke yake. Joto kubwa analitengeneza mwenyewe. Misuli inapofanya kazi, sehemu ndogo tu ya nishati ndiyo inayosukuma miguu. Zaidi ya robo tatu hugeuka joto, na joto hilo lazima litoke mwilini. Njia kuu ni jasho, na hapa ndipo makocha wengi wanapokosea: jasho halipozi mwili kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na kilokalori zipatazo 580 za joto. Jasho linalodondoka kwenye nyasi limepotea bure, maji yamekwenda na joto limebaki. Ndiyo maana siku ya nyuzi 30 yenye unyevu mwingi hewani inaweza kuwa hatari kuliko siku ya nyuzi 36 yenye hewa kavu.

Watoto wana mambo yao. Ngozi yao ni kubwa ukilinganisha na uzito wao, hivyo hewa ikiwa na joto kuliko ngozi wanalivuta haraka kuliko mtu mzima. Hutoa jasho dogo zaidi, na mwili wao huchelewa kuzoea joto. Hata hivyo, mtoto mwenye afya aliyekunywa maji na kupata mapumziko huhimili joto vizuri tu. Kinachomwangusha mara nyingi ni mipango yetu sisi watu wazima: mechi ya saa saba mchana, mazoezi ya mbio kama adhabu, mechi mbili kwa siku bila kivuli. Mtoto hatakwambia amechoka wakati kocha na wazazi wanamtazama. Usimtegemee yeye kusimama.

Anza na kupima. Kipimo kinachofaa michezoni ni WBGT, kinachochanganya unyevu, mionzi ya jua na joto la hewa. Unyevu ndio unaobeba uzito mkubwa, sehemu 7 kati ya 10. Mionzi sehemu 2, joto la hewa sehemu 1 tu. Namba unayoisoma kwenye simu ni joto la hewa, tena la kivulini, pengine la kituo kilicho mbali na uwanja wako. Kombe la Dunia la 2014 nchini Brazil, FIFA iliruhusu mapumziko ya kupoza mwili ya dakika 3, karibu na dakika ya 30 na ya 75, kipimo cha WBGT kikizidi 32. Hicho ni kiwango cha wanaume wazima waliokwisha kuzoea kazi hiyo, wakiwa na madaktari pembeni. Kwa watoto mimi ningeanza kupunguza kasi na kuongeza mapumziko kwenye 28, na ikifika 30 ningehamisha muda. Kwenye 32 hakuna mechi ya watoto inayostahili kuchezwa.

Nyasi bandia zinataka sura yake. Jua likiwaka, uso wake unaweza kupita nyuzi 60 wakati nyasi za kawaida jirani ziko chini sana ya hapo. Weka kiganja chako juu yake. Kama huwezi kukiacha hapo kwa hesabu ya 5, basi miguu ya mtoto imo kwenye kikaango kupitia soli ya kiatu. Kumwagia maji husaidia kwa muda mfupi tu, kisha yale maji yanapanda kuwa unyevu usawa wa mtoto.

Mwili huzoea joto kwa siku 10 hadi 14 za mazoezi ya kupanda taratibu. Anza na dakika 30 hadi 40 za mazoezi mepesi, ongeza muda kwanza, kasi baadaye, na usifanye mazoezi mara mbili kwa siku katika wiki ya kwanza. Mtoto aliyetoka likizo au aliyeugua anarudi mwanzo wa ngazi hii, hata kama ndiye mfungaji wenu bora. Mwenye homa, anayeharisha au kutapika hachezi kabisa siku hiyo. Mwulize mzazi pia kuhusu chembe za selimundu na dawa anazotumia mtoto. Baadhi ya dawa za mzio hupunguza jasho.

Vya kubeba uwanjani

Kwa timu ya watoto 16, chukua boksi la barafu la lita 40 hadi 50 kwa ajili ya taulo peke yake. Nusu barafu, nusu maji. Barafu tupu bila maji ni kosa la kawaida: taulo hugusana na vipande vichache tu na hubaki kavu katikati. Taulo ndogo za pamba 32, mbili kwa kila mtoto, ili moja ikiwa shingoni nyingine iko majini. Maji ya kunywa yakae kwenye chombo kingine kabisa, maana maji ya taulo ni maji ya jasho la watu 16. Ongeza ndoo 4 za kuzamishia mikono, kivuli cha kujengea kama uwanja hauna miti, na mizani.

Halafu kitu ambacho timu nyingi hazina: chombo cha kumzamisha mtoto mzima. Beseni kubwa au tangi la lita 150 hadi 200 linatosha. Likikosekana, turubai imara lenye upana wa mita 2 kwa 3 lifanye kazi hiyo, kama nitakavyoeleza chini. Chombo kiwe kivulini, kimejazwa maji nusu kabla mechi haijaanza, na mifuko ya barafu iwe kando yake. Barafu iliyo kwenye friji ya nyumbani kwa mtu haihesabiki.

Wakati wa mechi

Fupisha kupasha misuli. Siku ya joto dakika 10 zinatosha, tena kivulini, kwa sababu misuli tayari ina joto, na kila nyuzi unayoiongeza kabla ya mechi ni nyuzi ambayo mtoto hatakuwa nayo akiba. Wachezaji wa akiba wakae kivulini muda wote, si kwenye benchi la chuma lililopigwa na jua tangu asubuhi.

Simamisha mchezo kila dakika 15 hadi 20, kwa dakika 3 au 4. Omba refa na kocha wa upande wa pili wakubali hilo kabla ya mechi, si katikati yake. Dakika hizo zitumike hivi: watoto wote waingie kivulini, makipa wavue glavu, jezi zitolewe ndani ya kaptula hewa ipite. Kila mmoja apate taulo moja kichwani na shingoni, au kwenye mapaja au mikononi, nyingine ikisubiri majini. Taulo likamuliwe kidogo tu, liwe linadondosha maji. Baada ya dakika 2 liguse kwa upande wa ndani, ule uliolala kwenye ngozi: utalikuta vuguvugu. Lilikwisha kazi. Likiachwa hapo linageuka blanketi linalozuia jasho kukauka, kwa hiyo libadilishwe au livuliwe. Maneno ya kocha kuhusu mbinu yaje mwisho, sekunde 30 tu, watoto wakiwa wameketi.

Mapumziko baada ya kipindi cha kwanza ni dakika za dhahabu. Watoto wazamishe mikono hadi kwenye viwiko ndani ya ndoo zenye maji ya nyuzi 10 hadi 15 kwa dakika 8 hadi 10. Viganja na mikono ya mbele vina mishipa mingi ya damu karibu na ngozi, hivyo damu inapita hapo, inapoa, inarudi ndani. Hewa ikiwa kavu, lowesha ngozi kwa maji ya kawaida na uipepee, ni njia nzuri mno. Hewa ikiwa na unyevu mwingi kupepea hakusaidii sana, tegemea barafu.

Kuhusu kujimwagia maji kichwani: mtoto anajisikia vizuri, lakini joto la ndani ya mwili halishuki kwa kiasi kile anachokihisi. Hatari yake ni kwamba anarudi uwanjani akijiona mpya na kukimbia kwa nguvu zaidi. Mruhusu, lakini usihesabu kuwa umempoza.

Maji, na chumvi kidogo

Mtoto wa miaka 9 hadi 12 anahitaji mililita 100 hadi 250 kila dakika 20 za mchezo. Vijana wakubwa wanaweza kufikia lita 1 hadi lita 1 na nusu kwa saa. Saa chache kabla ya mechi, mililita 5 hadi 7 kwa kila kilo ya uzito zinatosha. Mtoto wa kilo 40 ni mililita 200 hadi 280, yaani glasi moja. Mkojo wa njano iliyokolea ni dalili kwamba amekuja uwanjani akiwa tayari ana upungufu, na upungufu huo haufidiwi kwa kunywa chupa nzima dakika 5 kabla ya kuanza. Tumbo litagoma.

Mchezo ukizidi saa moja, maji yenye sukari na chumvi kidogo yanafaa: kwa lita 1 ya maji safi, vijiko 4 vikubwa vya sukari visivyojaa kupita ukingo, na robo ya kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe sukari ukidhani unaongeza nguvu, kwa sababu kinywaji kizito hukaa tumboni na kuleta kichefuchefu. Vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini havina nafasi kwa mtoto, achilia mbali kwenye jua.

Mizani ndiyo itakayokwambia ukweli. Mpime mtoto kabla na baada, akiwa na nguo nyepesi kavu, kwa kuwa jezi iliyolowa inadanganya. Mtoto wa kilo 40 aliyepungua gramu 800 amepoteza asilimia 2, na hapo kasi na umakini vimeanza kushuka. Mwingine akirudi akiwa ameongezeka uzito, amekunywa kupita kiasi. Nalo si jambo la kupuuza, maana maji mengi mno hupunguza kiwango cha chumvi kwenye damu na kuleta maumivu ya kichwa, kutapika, hata degedege.

Baada ya filimbi ya mwisho

Mtoto asiache mwendo ghafla. Damu nyingi iko miguuni, na misuli ikiacha kuisukuma mtoto anaweza kuzirai akiwa amepanga mstari wa kusalimiana. Atembee dakika 5, kisha kivulini na taulo. Akizirai kwa sababu hiyo, mlaze na uinue miguu. Atazinduka upesi na akili zake zikiwa sawa. Misuli ikikaza, inyooshe taratibu na umpe kinywaji chenye chumvi.

Kwa kila kilo iliyopotea anywe lita 1.25 hadi 1.5 katika saa zinazofuata, kidogo kidogo, pamoja na chakula chenye wanga, protini na chumvi. Kama kuna mechi nyingine siku hiyo, acha angalau saa 2 katikati, kivulini, soksi na viatu vikiwa vimevuliwa. Bafu la barafu la dakika 10, wanalofanya wachezaji wakubwa ili kupunguza maumivu ya misuli, sioni sababu ya kumpa mtoto kama desturi. Oga ya maji ya baridi ya kawaida inamtosha. Kinachomrudisha hasa ni usingizi, saa 9 hadi 12 kwa wa miaka 6 hadi 12, saa 8 hadi 10 kwa wa miaka 13 hadi 18, katika chumba chenye hewa. Asubuhi akiamka na kichwa kinamuuma, mkojo mzito na uzito haujarudi, siku hiyo hana mazoezi.

Akianza kuongea visivyoeleweka

Kiharusi cha joto kinatambulika kwa akili, si kwa ngozi. Joto la ndani limepita nyuzi 40 na ubongo umeanza kuathirika: anayumba, anakwenda upande usio wake, anajibu maswali hovyo, anakuwa mkali bila sababu, au anaanguka. Wengi wanasubiri waone ngozi kavu. Mchezaji mara nyingi bado anatoka jasho tele. Kipimajoto cha kwapani au cha paji la uso hakifai hapa, kinaweza kusoma chini na kuwatuliza bure.

Mpoze kwanza, safiri baadaye. Mtu mmoja apige simu ya gari la wagonjwa huku wengine wakimwingiza majini, viatu na vikinga ugoko vikivuliwa njiani bila kupoteza muda. Azame hadi kifuani, mtu mzima amshike chini ya makwapa kwa nyuma ili kichwa kisizame, barafu imwagwe, maji yakorogwe bila kukoma. Yasipokorogwa, tabaka la maji ya joto hujikusanya kuzunguka ngozi. Kwa turubai, watu 6 washike kingo ziinuke kama mtumbwi, mtoto awe katikati, mwage maji na barafu na muyumbishe polepole. Kama hakuna hata turubai, funika mwili wote kwa taulo za barafu na uzibadilishe mfululizo.

Lengo ni kumshusha chini ya nyuzi 39 ndani ya dakika 30. Mhudumu wa afya akiwapo na kipimajoto cha njia ya haja kubwa, mtoe majini kikifika karibu 39. Kama hakuna kipimo, dakika 10 hadi 15 za maji yaliyokorogwa ndizo za kukadiria, au hadi aanze kutetemeka na akili kurudi. Usimpe maji ya kunywa akiwa amechanganyikiwa, wala paracetamol. Dawa hiyo hutibu homa, na hii si homa.

Hata akisema yuko sawa, aende hospitali siku hiyo hiyo. Asifanye mazoezi kwa angalau siku 7, aruhusiwe na daktari, kisha aanze upya mahali penye ubaridi kabla ya kurudishwa juani ngazi kwa ngazi, kama mgeni.