Jibu: Kulinganisha vipimo vya leza, ufukwe wa Ukerewe

Mkuu, umeuliza kama unaweza kujua ufukwe wa kisiwa cha Ukerewe umesogea kiasi gani kwa kulinganisha ukingo wa maji katika vipimo vya leza vya Mei 2020 na vya sasa. Hapana. Mei 2020 Ziwa Victoria lilikuwa limejaa kupita kiasi. Kwenye mteremko wa 1 kwa 50, maji yakishuka nusu mita tu ukingo unasogea mita 25, na hakuna punje ya mchanga iliyohama. Chagua mwinuko mmoja ulio nchi kavu katika seti zote mbili za vipimo, chora kontua yake (mstari unaounganisha sehemu zenye mwinuko huo) kwenye kila seti, kisha pima umbali kati ya kontua hizo, tuseme kila mita 20 za ufukwe.

Ila kwanza kagua rejea ya mwinuko, yaani usawa ambao mwinuko unapimwa kuanzia hapo. Seti moja ikiwa juu ya elipsoidi (umbo laini la dunia la kihesabu) na nyingine juu ya jioidi (takriban usawa wa wastani wa bahari), zitapishana kwa mita kadhaa. Linganisha mwinuko wa seti hizo kwenye miamba ya granite, ile haisogei. Zikipishana sentimita 10, kwa mteremko ule hiyo ni mita 5 za kosa, kwa hiyo badiliko la mita 3 usilitangaze.

Kero kubwa ni mafunjo. Yakisongamana leza haifiki chini, programu inayahesabu kuwa ardhi, na kisiwa "kinakua". Magugu maji yana kero ileile, tena upepo huyahamisha. Hapo chuja kwa mkono, ukitazama picha za siku ileile ya kupima.

Chini ya maji, leza ya kijani, ile ya kupimia kina, isikudanganye: tope na mwani huizuia mapema. Funga ekosaunda (kifaa kinachopima kina kwa mwangwi wa sauti) kwenye mtumbwi.