Natafuta mwalimu wa DALF C1

SWALI: Shikamoo shangazi, niko Dar, B2 ya Kifaransa (kiwango cha juu ya kati) nilishapata, sasa nataka DALF C1, ule mtihani wa Kifaransa wa kiwango cha juu, ila kila ticha ninayempata ananirudisha kwenye vitenzi tu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo wa vitenzi achana naye, wewe unahitaji mtu anayeujua mtihani wenyewe. Anzia Alliance Française hapo Dar, waulize nani anafundisha C1, halafu kabla hujalipia mwezi mzima omba kipindi kimoja cha kujaribu na uende na sintezi uliyoandika mwenyewe, si unajua ile, unapewa makala kadhaa unaziunganisha kwa maneno kama 220 bila kutia maoni yako hata kidogo, hapo ndo watu wanapoteleza. Akikurudishia karatasi ina tiki tu, ondoka. Akikuzungushia sentensi na kukuuliza "hii umeitoa makala ipi?", huyo mshike. Na mazoezi ya kuongea akupimie muda kwa saa kabisa, maana kwenye mtihani unapewa saa nzima kujiandaa. Pasi ni 50 kwa 100, ila ukipata chini ya 5 kwenye sehemu yoyote kati ya zile nne (kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea) umefeli, hata kama kwingine umepasua, kwa hiyo kusikiliza usikuache nyuma mwanangu.