Maswali ya Wasomaji: Vifaa vya mtoto vinapiga mluzi

SWALI: Mtoto wetu wa miezi 14 amepimwa, usikivu wake umepungua kwa kiwango cha kati masikio yote mawili. Amepewa vifaa vya kusikia, lakini anavivua na vinapiga mluzi. Bibi yake anasema kipimo kimekosea, kwani mlango ukibamizwa mtoto hugeuka. Tena tumeambiwa tukimfundisha lugha ya alama hataongea. Tushike lipi?
*Mzazi, Morogoro*

JIBU: Tuanze na bibi, hasa kama ndiye anayeshinda na mtoto. Kishindo cha mlango ni kikubwa na hutikisa sakafu; mtoto anaweza kukishtukia na bado asipate kabisa “s” na “sh” za maneno yenu. Kipimo cha ABR husoma mwitikio wa mshipa wa fahamu wa sikio mtoto akiwa amelala, hakingoji ageuke. Nendeni na bibi kliniki, aulize mwenyewe.

Mluzi hutokea sauti iliyokuzwa inapovuja sikioni na kurudi kwenye maikrofoni. Tazameni kwanza moldi, kile kipande laini kilichotengenezwa kwa umbo la sikio lake. Mara nyingi ncha yake ya juu haijaingia kwenye mkunjo wa sikio: vuteni sikio taratibu kwa nyuma, mzungushe moldi hadi ikae. Ikikaa vizuri na mluzi ukabaki, huenda kuna nta, au sikio limekua. Umri huu moldi hubadilishwa takriban kila miezi 3 hadi 6, wachanga hata mapema zaidi. Msipunguze sauti ili mluzi unyamaze. Mtamnyima kile kile mlichokitafuta. Wala msipake Vaselini kwenye moldi, huziba tundu.

Kuvivua ni kawaida ya umri wake. Mvalisheni akiwa ameshiba, mahali patulivu, mkicheza naye. Akivua, rudisheni bila kugombeza. Kamba yenye kibanio nyuma ya nguo huzuia kifaa kisipotee. Akilia kila mkigusa sikio moja, angalieni wekundu au usaha, na muwaone wataalamu. Lengo ni avae saa zote akiwa macho, isipokuwa wakati wa kuoga.

Kila asubuhi, mkiwa nyuma yake kama mita moja, tamkeni kwa sauti ya kawaida: m, u, a, i, sh, s. Hapo mmepita kutoka sauti nzito hadi nyembamba. Hawezi kurudia bado. Tafuteni macho kutulia, kuacha kuchezea kitu, kugeuka. Kama jana aliipata “s” na leo haipati, badilisheni betri, kisha angalieni matone ya maji ndani ya mrija unaounganisha kifaa na moldi. Bado? Huenda sikio la kati limejaa majimaji, nendeni hospitali.

Betri ikitolewa stika iachwe dakika moja au mbili ipate hewa kabla ya kuwekwa. Usiku fungueni mlango wa betri, kifaa kilale kwenye kopo lenye vidonge vya kukausha unyevu. Mchele hapana, una vumbi. Mtoto akimeza betri, kimbilieni hospitali saa hiyo hiyo, msimtapishe.

Na alama? Mfundisheni. Hazizuii kuongea, zinampa lugha leo, wakati masikio bado yanajifunza. Ulizeni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, kuhusu viziwi watu wazima wanaofundisha, na ajifunze nyumba nzima, si mama peke yake.

SWALI: Mwanangu wa miaka 2 aliugua homa ya uti wa mgongo, sasa hasikii. Tumeambiwa turudi kupimwa baada ya miezi 6. Ni sawa?
*Baba, Dodoma*

JIBU: Msisubiri. Baada ya ugonjwa huu ukiletwa na bakteria, ndani ya koklea, sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, huweza kuota mfupa katika wiki au miezi michache, na hapo kupandikiza humo kifaa cha kusikia huwa kugumu au kusiwezekane. Ombeni rufaa wiki hii, na picha ya CT au MRI ya sikio la ndani. Muhimbili ilianza upandikizaji huu mwaka 2017. Bebeni karatasi za kulazwa zenye tarehe ya ugonjwa. Daktari atahitaji kujua muda uliokwisha kupita.